TV ya HD, Full HD au 4K? Anza na futi kamba, umalizie na rula

Ukiingia maduka ya vifaa vya umeme ya Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, kila TV iliyotundikwa ukutani inaonekana safi. Muuzaji amechomeka flashi yenye video ya maua, samaki na majiji ya usiku, mwanga na rangi vimepandishwa hadi mwisho, na wewe umesimama hatua moja kutoka kwenye kioo. Hapo 4K itaishinda Full HD, na Full HD itaishinda HD. Nyumbani utakaa mita tatu, utaangalia taarifa ya habari na mpira kwa king'amuzi, na ile tofauti uliyoilipia huenda usiione kabisa. Kwa hiyo uamuzi wa resolusheni ufanyike sebuleni kabla ya kwenda dukani, na dukani uende kuhakikisha tu kwamba unachouziwa ndicho kilichoandikwa kwenye boksi.

Kwanza tuelewane kwenye namba. Kioo cha TV kimejaa nukta ndogo za mwanga ziitwazo pikseli, na resolusheni ni idadi ya nukta hizo kwa upana na kwa kimo. TV nyingi za inchi 32 zenye jina la HD au HD Ready zina pikseli 1366 kwa 768, kama milioni moja hivi. Full HD ni 1920 kwa 1080, milioni mbili na kidogo. 4K, ambayo kwenye boksi huandikwa pia UHD, ni 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni nane, yaani mara nne ya Full HD. 8K tuiache. Hakuna king'amuzi cha huku kinachokuletea picha ya namna hiyo, na kwenye sebule nyingi watu hukaa mbali mno kuifaidi.

Pima, kisha zidisha

Nyoosha futi kamba kutoka pale kichwa cha mtu kinapokuwa ameegemea kochi hadi mahali kioo kitakapokaa. Usianzie kwenye ukingo wa kochi, kwa sababu kutoka hapo hadi kwenye macho ya aliyeegemea kunaweza kuwa na nusu mita nzima, na nusu mita inabadilisha jibu. Kama watoto hukaa mkekani mbele, pima na pale, lakini amua kwa kiti kinachotumika zaidi.

Jicho zima huweza kutenganisha nukta mbili zilizoachana kwa sehemu ya sitini ya digrii moja. Zikikaribiana zaidi ya hapo, jicho linaziona kama kitu kimoja. Kwa vioo vya umbo la kisasa, yaani 16 kwa 9, hesabu hiyo inakuja kuwa rahisi: chukua inchi za TV, zidisha, upate sentimita.

HD ya 768: inchi mara 5.5
Full HD: inchi mara 4
4K: inchi mara 2

Jibu ni mpaka. Ukikaa nje ya mpaka huo nukta zimeshaungana machoni, na kuongeza nukta nyingine hakukuongezei kitu. Inchi 32 ya HD ina mpaka wa sentimita 176. Anayeikalia kwa mita mbili na nusu akanunua Full HD ya inchi hizohizo, amelipia nukta asizoziona. Inchi 43 ya Full HD mpaka wake ni 172, inchi 50 ni mita mbili kamili, inchi 55 ni 220, inchi 65 ni 260. Ndani ya mipaka hiyo ndipo 4K inapoanza kuonekana bora kuliko Full HD, na uzuri wake wote unaupata ukikaa karibu zaidi: kwa inchi 55, karibu mita moja na kidogo.

Hesabu hii ni ya macho ya kawaida. Kijana mwenye macho makali huona nukta akiwa mbali zaidi kidogo, na maandishi membamba, kama ya kompyuta au matokeo yanayopita chini ya skrini, hufichua nukta mapema kuliko uso wa mtu au nyasi za uwanja. Ukitaka kuwa upande salama, ongeza robo kwenye jibu.

Upande wa ukubwa kuna hesabu nyingine fupi. Gawanya umbali wako wa sentimita kwa 6 upate inchi zinazotosha habari na mpira. Gawanya kwa 4 upate inchi za mtu anayependa filamu zijae machoni. Sebule ya mita tatu inataka kati ya inchi 50 na 75. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea: wana fedha ya inchi 43 ya 4K au ya inchi 50 ya Full HD yenye kioo kizuri, wanakaa mita tatu, na wanachagua ya 43 kwa sababu ya neno 4K. Kwa umbali huo wachukue ya 50. Ukubwa wataufurahia kila siku, ilhali zile nukta za ziada hazifiki machoni.

Kuanzia inchi 55 kwenda juu mjadala umekwisha, kwani karibu TV zote mpya za ukubwa huo ni 4K upende usipende. Uchaguzi wenyewe uko kati ya inchi 32 na 50, na udanganyifu mwingi uko hapohapo.

Picha inatoka wapi?

TV haiwezi kubuni undani ambao haukuletwa. Chaneli za kawaida zisizo za HD kwenye king'amuzi cha antena au cha dishi zina mistari 576 tu ya nukta kwa kimo. Ukiitandaza picha hiyo kwenye inchi 55, ambayo kimo chake ni kama sentimita 68, kila mstari unakuwa mnene zaidi ya milimita moja, na jicho linaiona milimita hiyo hata ukiwa umbali wa mita nne. Ndiyo sababu familia inabadilisha inchi 32 kwa 55 ya 4K, kisha inalalamika kwamba picha imeharibika. TV haina kosa. Mistari ni ileile, imevutwa tu. Kama karibu kila unachoangalia ni chaneli za aina hiyo, inchi 32 hadi 43 ndizo zitakazokutunzia picha.

Chaneli zenye alama ya HD huja na mistari 720 au 1080. Hizo zinapendeza kwenye Full HD, na zinapendeza pia kwenye 4K, kwa sababu 1080 inaingia kwenye 2160 mara mbili kamili na 720 mara tatu kamili. Kwenye kioo cha 768 hesabu haigawanyiki vizuri, hivyo TV inalazimika kuchanganya nukta, na herufi ndogo hulainika kingo. Kwa mpira hutaona. Kwa aliyeichomeka kwenye laptopu ili asome maandishi, itamchosha.

Kabla ya kulaumu TV, angalia waya. Ukiunga king'amuzi kwa zile nyaya tatu za njano, nyekundu na nyeupe, picha inapita kwa ubora wa zamani hata kama king'amuzi ni cha HD na TV ni ya 4K. Tumia waya wa HDMI. Kisha ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi chenyewe, sehemu ya video, uone kinatoa nini. Vingine vimewekwa 576 tangu siku ya kufungwa na hakuna aliyevigusa. Weka 1080i au 1080p kama ipo.

4K yenyewe, kwa walio wengi, huja kwa intaneti, na hapo bando ndilo linaloamua. Netflix inakadiria hadi GB 1 kwa saa kwa ubora wa kawaida, hadi GB 3 kwa HD, na hadi GB 7 kwa 4K. Filamu ya saa mbili ya 4K inaweza kukata GB 14. Kasi inayoshauriwa na Netflix kwa 4K ni megabiti 15 kwa sekunde, na YouTube inashauri 20. Mwenye faiba nyumbani asiye na kikomo cha GB ana sababu nzuri ya kununua 4K. Anayerusha bando kutoka kwenye simu ataishia kushusha ubora hadi 720 ili wiki ifike, na kwa huyo Full HD inatosha.

Ukiwa na gemu, hesabu inabadilika tena. PS5 na Xbox Series X hutoa 4K halisi, na mchezaji hukaa karibu na kioo, mara nyingi mita moja na nusu. Hapo hata inchi 43 ya 4K inajilipia. PS4 ya kawaida huishia 1080.

Dukani: boksi linasema nini, kioo kinasema nini

Maneno mawili ya Kiingereza yanawaponza wanunuzi kila siku: "support" na "compatible". Boksi likiandikwa "Full HD support" au "4K support", maana yake TV inakubali kupokea picha hiyo kisha inaipunguza ikae kwenye nukta chache ilizonazo. Hata alama ya HD Ready, iliyoanza kutumika Ulaya mwaka 2005, ilimaanisha kwamba TV inapokea 720 na 1080 ilhali kioo chenyewe kinatakiwa kuwa na mistari 720 au zaidi. Unachotafuta ni resolusheni ya kioo, ambayo huandikwa kwa namba mbili na alama ya kuzidisha katikati. Geuza TV, soma namba ya modeli kwenye stika ya nyuma, uitafute kwa simu kwenye tovuti ya mtengenezaji palepale dukani. Modeli isiyopatikana popote kwenye tovuti ya aliyeitengeneza ni sababu tosha ya kusogea kwenye TV ya jirani.

Kwa zile chapa ambazo hazina tovuti ya maana, kioo chenyewe hakifichi kitu. Omba waweke picha nyeupe tupu, au sehemu yoyote ya menyu yenye rangi nyeupe. Shika rula ya plastiki ilalie kioo kwa upana bila kukandamiza, sogeza kamera ya simu hadi pale inapoweza kuona vizuri, piga picha, kisha uikuze. Utaona vistari vya rangi nyekundu, kijani na bluu vikijirudia, pengine vikiwa vimepinda kama mishale midogo. Kila kundi la rangi tatu ni pikseli moja. Hesabu makundi yaliyomo ndani ya sentimita moja.

Inchi 32: HD kama 19, Full HD 27
Inchi 43: Full HD 20, 4K 40
Inchi 50: Full HD 17, 4K 35
Inchi 55: Full HD 16, 4K 32

Huhitaji usahihi wa mpimaji ardhi. Tofauti ya 20 na 40 ni kubwa mno kukosea, na kama kuhesabu 40 kunakuchanganya, hesabu nusu sentimita kisha uzidishe kwa mbili. Kazi yote haizidi dakika tatu, na ni kipimo ambacho hakitegemei neno la mtu. Ukikuta kwenye kila kundi au karibu yake kuna nukta ya nne nyeupe, ujue baadhi ya vioo hivyo huuzwa kama 4K huku nukta za rangi zikiwa zimepunguzwa kuipisha hiyo nyeupe; picha huwa na mwanga mzuri lakini maandishi madogo yenye rangi hayakati sawasawa.

Njia mbili zinazopendwa zina mtego. Ya kwanza ni kufungua picha ya 4K kutoka kwenye flashi. TV nyingi za Android huchora menyu na picha za kawaida kwa 1080, kisha huzivuta, hata kama kioo ni 4K halisi; ni video tu zinazopita kwa ubora kamili. Utaikataa TV nzuri bure. Ya pili ni kuunga laptopu na kusoma resolusheni inayopendekezwa. TV ya 768 inaweza kuitambulishia laptopu kwamba inapokea 1080, na laptopu ikaamini. Ukitaka kutumia laptopu, fungua picha ya vistari vya pikseli moja nyeusi, moja nyeupe, kwa resolusheni inayodaiwa na bila kuikuza, na kwenye TV chagua umbo la picha lisilokata kingo. Vistari vikibaki vimetengana ukivitazama kwa karibu, kioo ni cha kweli. Vikigeuka kijivu au vikatoa mawimbi mapana, kioo kina nukta pungufu au ile mipangilio ya kingo haijakaa sawa.

Kabla hujalipa, mwambie muuzaji azime ile video ya maua. Aunge king'amuzi kwenye chaneli ya kawaida, wewe urudi nyuma umbali uleule uliopima nyumbani. Maduka mengi yana king'amuzi kimoja cha kujaribia. Halafu aweke skrini nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na bluu moja baada ya nyingine uangalie nukta zilizokufa na madoa ya mwanga kwenye pembe. Boksi lilelile lililojaribiwa ndilo uondoke nalo, na risiti iandikwe namba ya modeli pamoja na namba ya TV yenyewe ("serial number").

Mlango wa HDMI na programu zake

Kioo cha 4K chenye mlango wa zamani ni nusu ya 4K. HDMI 1.4 hupitisha 4K kwa picha 30 kwa sekunde, ambayo kwa filamu inatosha lakini kwa gemu na mpira mwendo unakatika. HDMI 2.0 hufika 60, na HDMI 2.1 hufika 120. Kwenye TV za bei ya kati si kila mlango uko sawa. Soma maandishi madogo pembeni ya tundu, kwa kawaida moja limeandikwa 4K au 60Hz. Milango hiyo pia mara nyingi hutoka kiwandani ikiwa imebanwa, na unapaswa kuifungulia kwenye mipangilio ya ingizo la HDMI, sehemu yenye jina kama "Enhanced" au "Ultra HD Deep Colour". Picha ikizima na kuwaka baada ya kuifungulia, badilisha waya kwanza, kabla ya kumwita fundi. Waya mwembamba wa zamani unapitisha 1080 vizuri na unashindwa 4K ya 60.

Kuna jambo halionekani kwenye boksi kabisa. TV nyingi za bei ya chini zinazoitwa "smart" zinatumia Android ya simu iliyowekwa sura ya TV, bila kibali cha Google wala cha Netflix. Hizo hukosa ulinzi wa hakimiliki wa kiwango cha juu ambao Netflix inautaka, hivyo hata uwe na kioo cha 4K, faiba na kifurushi cha gharama kubwa, filamu zinakuja kwa ubora wa kawaida. Jaribu dukani kwa akaunti yako: fungua filamu yenye alama ya HD au Ultra HD kwenye Netflix. Alama isipoonekana ilhali kwenye simu yako ipo kwenye filamu hiyohiyo na kifurushi kinairuhusu, TV haina kibali. Kwa anayetumia king'amuzi na YouTube pekee hilo si tatizo, na hana sababu ya kulilipia.

Ukinunua mtumba

TV zilizotumika kutoka nje huwa na kioo kizuri kwa bei nafuu, lakini angalia zilitoka wapi. Matangazo ya antena ya Tanzania, Kenya na Uganda yanatumia mfumo wa DVB-T2. TV ya Marekani au ya Japani haina mfumo huo ndani, kwa hiyo utahitaji king'amuzi hata kwa chaneli za bure. Ya Japani mara nyingi ni ya volti 100, na ukiichomeka kwenye 230 inaweza kuungua palepale. Soma stika ya nyuma kabla ya kugusa soketi. Ya Uingereza yenye alama ya Freeview HD inapokea DVB-T2, ila zile za zamani zaidi zisizo na alama hiyo huishia DVB-T na antena haitaleta kitu. Full HD ya mtumba yenye kioo kizuri mara nyingi ni nunuo bora kuliko 4K mpya ya jina lisilojulikana, mradi rula na zile rangi tano ziwe zimepita.

Siku ya kwanza nyumbani

Ukiwasha mara ya kwanza, TV itauliza inatumika dukani au nyumbani. Chagua nyumbani, la sivyo itabaki na mwanga mkali wa maonyesho na itajirudisha hivyo kila baada ya muda. Badilisha aina ya picha kutoka "Vivid" au "Dynamic" iwe "Movie", "Cinema" au "Standard". Shusha ukali wa kingo, unaoandikwa "Sharpness", hadi ile mistari myeupe inayozunguka herufi ipotee; watu huipandisha wakidhani inaongeza resolusheni, kumbe inachora kingo bandia juu ya undani wa kweli.

Mwisho nenda kwenye umbo la picha. TV nyingi hukata asilimia chache za kingo na kuvuta zilizobaki, desturi iliyobaki tangu enzi za TV za chogo. Kwa kufanya hivyo kila pikseli ya king'amuzi inaacha kukaa juu ya pikseli yake, na Full HD yako inalainika. Tafuta "Just Scan", "Screen Fit", "Full Pixel" au "1:1" kutegemea chapa, na uiweke kwa kila mlango wa HDMI peke yake, kwa sababu ukiibadilisha kwenye mlango wa kwanza, wa pili unabaki kama ulivyokuwa.